Yatima wa Mama Chai

Mwaka wa kumi na moja huu nawapikia chai wanaochagua wanafunzi wa chuo kikuu cha hapa mjini, na nawaambia ukweli, watu wale hawana haya. Maombi elfu sita, nafasi mia mbili. Faili la mtoto wa mkubwa linakuja na kikaratasi, "huyu ni wetu," basi, limepita bila kusomwa. Kwenye yaliyobaki wanatafuta barua ya kuwaliza. Mwenye alama nzuri na maisha ya kawaida, shauri yake.

Ndiyo maana binti yangu alipoomba nilimwambia, "Mwanangu, wale wanapenda yatima. Muue baba yako kwenye karatasi. Alitutoroka una miaka miwili, ana faida gani?" Akacheka. Barua akaandika peke yake, hakunionyesha.

Siku ya faili lake nilikuwa napanga vikombe. Mwenyekiti wao, yule tunayemwita Bwana Miwani, akataja jina la binti yangu, akasoma kwa sauti: "Mama yangu alifariki nikiwa darasa la tano. Baba akanilea kwa jasho lake."

Jasho lake! Mwanamume asiyejua hata mwanawe anavaa kiatu namba ngapi! Chai ikamwagika kwenye sahani. Neno moja tu ningetamka, nafasi ya mwanangu ingekwenda na maji. Nikachukua kitambaa, nikafuta sahani.

"Maskini," akasema Bwana Miwani, macho yamelowa. "Huyu tumchukue. Mama Chai, hebu nipe tishu."

Nikampa.

Jioni nilimkuta binti anapiga pasi. "Umepata," nikamwambia. Akaruka kunikumbatia, nikamsukuma huko.

"Mimi nilikufa lini, we mtoto? Si nilikwambia baba?"

Akainamisha macho, lakini sauti haikutetereka. "Mama, siku ya wazazi lazima mzazi aje. Wewe wale wote wanakujua."

"Wananijua kwa lipi? Nimeiba?"

"Wanajua unawapikia chai."

Loo! Chai hiyohiyo iliyomsomesha.

"Na huyo baba utamtoa wapi?"

"Nilishamtafuta. Amekubali. Ana suti."

Nilitaka kumzaba kofi, mkono ukakataa. Siku ya wazazi niko zamu. Nitamwekea baba yake kikombe, nitamkaribisha kama mgeni, na binti yangu ataniambia, "Asante, Mama Chai."