Boriti ya Mlango wa Nyuma

Boriti iliyoshuka chini mlangoni ilimpiga Mwinyijuma juu ya sikio alipokuwa akiingia ghalani. Gunia la mchele likamponyoka mgongoni na kupasuka sakafuni. Wapagazi wenzake wakaangua kicheko.

"Umesalimiwa, itikia basi!" Adamu alisema.

 Mwinyijuma alishika ukuta wa matumbawe, akangoja ghala liache kuzunguka. Mara ya kwanza kugongwa vibaya ilikuwa kabla ya Ramadhani. Zahanati walimuuliza kama alizimia. Hakuzimia. Wakampa panadol.

Amiri, msimamizi, alikuja akikanyaga mchele.

"Bwana Amiri, niweke kwenye kushona magunia," Mwinyijuma alisema. "Wiki moja tu. Juzi nilibisha hodi kwa jirani, nikamuuliza kwangu ni wapi."

"Kushona ni kazi ya wanawake."

"Nitashona."

Amiri akawageukia wengine. "Nani hapa hajawahi kugongwa na boriti hii? Anyooshe mkono."

Hakuna aliyenyoosha. Adamu, ambaye siku hizi hawezi kutoka nje kwenye jua bila kufumba macho, alitazama chini. Burhan, mpagazi mwingine, aliuliza, "Kasema nini?" Akaambiwa. Baada ya kitambo akauliza tena.

"Umeona? Wote wamegongwa, na wote wanabeba. Chako wewe kichwa cha yai?"

"Basi ikatwe."

"Hii nyumba ya kale, bwana. Bagamoyo hii hairuhusiwi kugusa hata jiwe."

Ukuta wa mbele ulibomolewa mwaka jana ili gari la tajiri mwenye ghala lipate kuingia. Pale mtu angepita wima, gunia kichwani. Lakini mbele ni kwa wateja. Na nje, barazani, vijana walikuwa wamekaa tangu alfajiri, wakisubiri mmoja wa ndani achoke.

"Aliyechoka aseme," alisema Amiri.

Mwinyijuma akarudi kwenye lori, akatwikwa gunia jingine mgongoni. Alipofika mlangoni akasimama. Hakukumbuka kama anaingia au anatoka.

"Songa, kaka, mgongo unakatika!" Adamu alipiga kelele nyuma yake.

Akapiga magoti. Akatambaa chini ya boriti, gunia likisugua mbao, viganja vikizama kwenye mchele uliomwagika.

"Kumbe unaweza!" Amiri alifurahi kweli. "Haya, kuanzia leo wote mpite hivyo hivyo."

Adamu alimtazama Amiri kidogo, gunia likimlemea. Kisha akakunja goti la kwanza.