Onyo Lililonyamazishwa

Kuna watu wakifiwa hulia mpaka majirani wanaziba masikio. Phelista yeye alikagua skripti. Usimcheke. Kila mtu na matanga yake.

Skripti zenyewe ni faili ndogo za amri. Yeye na marehemu mumewe, Mathenge, walijiandikia ili kompyuta iwafanyie kazi za nyumbani: kupanga picha, kuhifadhi nakala, kukumbusha siku ya kuogesha ng'ombe dawa. Na kwa kuwa wote wawili walikuwa watu wa kompyuta, tena wabishi, waliweka mkaguzi, programu inayosoma kila skripti na kupiga kelele ikiona kasoro. Sheria ya nyumba yao hapo Kitale ilikuwa moja: skripti haikai kama haijapita kwa mkaguzi. Ukitaka kunyamazisha onyo, nyamazisha, lakini uandike sababu papo hapo, kwa maneno ambayo mwenzako ataelewa.

Mwezi wa tatu Mathenge aligongwa na lori akiwa kwa pikipiki. Wakamzika kwenye shamba la baba yake, huko huko Trans-Nzoia. Tangu siku hiyo Phelista hakusikia kitu. Si uchungu, si njaa. Chai ilikuwa maji ya moto tu. Kila Jumamosi asubuhi aliendesha mkaguzi, akarekebisha alichoambiwa arekebishe, akazima kompyuta. Basi.

Mama yake, Peris, anakaa Bumula, upande wa Bungoma. Kwa Wabukusu, mkwe na mama mkwe hawapeani mkono, hawali meza moja, wala hawaitani majina. Heshima ni kukaa mbali. Mathenge, mtoto wa watu, Mkikuyu asiyejua mipaka iko wapi, aliogopa kukosea hata pasipo na kosa. Akajipatia njia: ujumbe wa simu kila Jumapili saa nane mchana. Mama, mvua imefika huko? Mama, yule ndama alisimama? Miaka sita hakukosa. Peris alivaa miwani, akasoma, na hakufuta hata mmoja. Akina mama wa kanisa walichoka kusomewa.

Phelista naye, mama akitaka kumsomea, alibadilisha mazungumzo. Yeye alikuwa amechungulia. Mwaka ule wa kwanza aliona kwenye kompyuta ya mumewe skripti iliyoitwa mama-bumula, na hapo juu orodha ya salamu sita zilizoandikwa tayari. Akafunga. Kumbe ni mashine inamwamkia mamangu! Hakuuliza. Mtu anayekagua kazi za wenzake mpaka nukta, hiyo hakuisoma ikaisha. Kiburi si maungwana, na chake kilikaa miaka sita.

Baada ya mazishi alienda Bumula wiki mbili apumzike. Siku moja walikuwa wanachambua kunde, mama analia polepole, anasema amepoteza mtoto, kwamba hata Kizito, mwanawe wa kumzaa, hajawahi kumjulia hali vile. Phelista akasema, kama anayesema chumvi imeisha: "Mama, haikuwa yeye. Ni kompyuta ilikuwa inatuma."

Peris akapangusa macho, akaendelea na kunde. Hakumlilia Mathenge tena, wala hakumtaja.

Sasa Jumamosi moja ya mwezi wa sita, Phelista aliweka toleo jipya la mkaguzi, akamwagiza aonyeshe hata maonyo yaliyowahi kunyamazishwa. Likatoka moja, kutoka mama-bumula: orodha ya salamu imeandikwa, lakini haitumiki popote. Akadhani mkaguzi mpya amekosea. Akafungua faili. Chini ya orodha palikuwa na sababu, kama sheria ilivyotaka:

"Najua haitumiki. Nilijaribu nikaona aibu, huyu ni mama. Nimeacha kengele tu ya kunikumbusha. Naandika mwenyewe."

Safari hii alisoma mpaka mwisho. Ilikuwa mistari michache: ikifika Jumapili saa nane kasorobo, piga kengele. Hakuna mahali ilituma kitu kwa mtu yeyote.

Alijua amemkosea mumewe, na amemkosea mama. Kosa alilijua tu, hakulisikia. Lakini kitu kimoja alikitaka, cha kwanza tangu mwezi wa tatu: mama arudishiwe mkwe wake. Avae miwani, azisome upya zile jumbe kutoka ya kwanza. Akapiga simu, akaeleza yote bila kujitetea. Peris akauliza:

"Kwa hivyo ile ya ndama aliuliza mwenyewe?"

"Mwenyewe, mama. Zote."

"Na mimi nilifuta," Peris akasema. "Siku ile uliniambia, kunde zikiwa bado kwa jiko. Nilifuta moja moja. Nikasema, ya nini kuweka maneno ya mashine."

Phelista aliuliza kama ilibaki hata moja. Haikubaki. Na simu ya Mathenge ilisagika chini ya lori.

Kisha Peris akaangua kilio. Akamwita Mathenge kwa jina, kitu ambacho hakuthubutu kijana huyo alipokuwa hai, akamwomba msamaha. Phelista alishikilia simu sikioni, akasikiliza kila neno. Alingoja machozi yake nayo yaje. Hayakuja.