Alhamisi kwenye Majamvi ya Bi Bimkubwa

Alhamisi ya kwanza tangu Mwanapili akabidhiwe chama cha akina mama, walihudhuria watu wawili: yeye mwenyewe na Bibi Duni aliyemkabidhi.

Kanisa lenyewe lilikuwa dogo, la mawe na udongo, bati lake limeliwa na kutu, juu ya kilima kando ya njia iendayo Gando. Waumini hawakuzidi kaya ishirini. Wengi wao walikuwa wajukuu wa watu waliolelewa misheni zamani, na waliobaki ni watu wa bara waliokuja kuchuma karafuu, wakaoa, wakasahau kurudi. Bibi Duni alikiongoza chama tangu kabla ya vita. Alikuwa mwalimu wa skuli ya misheni, mwanamke mwembamba, mnyoofu kama mwiko, na hakuna aliyewahi kuchelewa mkutano wake akakaa kitako kabla ya kueleza sababu. Lakini mwaka ule wa 1958 macho yalianza kumwishia. Akamwita Mwalimu Mabruki, katekista aliyelitunza kanisa padri asipokuwepo, akamwambia, "Mpe Mwanapili. Mie sasa nasoma kwa kubahatisha."

Mwanapili alikuwa na umri wa miaka thelathini na minne, mke wa Silima mchumaji karafuu. Hakuwa amewahi kuongoza kitu ila watoto wake watano, nao hawakuwa wakimsikia.

Saa tisa alasiri Bibi Duni alipiga kengele yake ndogo ya shaba. Walingoja. Aliingia kuku, akatazama, akatoka.

"Tuanze," alisema Bibi Duni.

"Bibi, tuko wawili."

"Kuhesabu najua. Fungua kwa wimbo."

Wakaimba beti zote sita. Mwanapili akasoma kumbukumbu za mkutano uliopita, akaomba, akasoma sura nzima ya Maandiko. Kisha Bibi Duni akauliza kwa sauti ile ile ya miaka yote, "Kuna mwenye hoja?" Mwanapili bila kutaka akageuka nyuma kutazama mabenchi matupu, na kicheko kikamponyoka. Bibi Duni hakucheka. Alichukua kengele yake, akashika fimbo, akaenda zake.

Usiku ule Mwanapili alimwambia mumewe kwamba keshokutwa atairudisha kazi ya watu. Silima alikuwa anakula muhogo. Akasema, "Irudishe, lakini kwanza kawatazame hao wenzio. Huenda kuna jambo."

Basi akaanza kuzunguka. Hakumuuliza mtu mbona haji, maana alijua angejibiwa uongo wa adabu. Aliingia kwa hodi, akaketi, akashika kazi aliyoikuta. Kwa huyu alimenya muhogo, kwa yule alishika mtoto ili mama apate kuoga. Mazungumzo yakikolea ndipo akiuliza, "Siku yako inakwendaje, dada? Alhamisi mchana huwa wapi?" Alipita nyumba tisa. Katika nyumba saba alipata jibu moja: tuko kwenye majamvi ya Bi Bimkubwa, tunachambua karafuu. Ulikuwa msimu mkubwa, mikarafuu imeinama. Asubuhi watu huchuma, na mchana wanawake huketi kuzitenga karafuu na makonyo yake, vile vijiti vinavyozishika, ili ziwahi kuanikwa. Kengele ya Bibi Duni waliisikia, na ikiwauma, lakini karafuu hazingoji.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Mwanawema. Huyu alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na miwili, mwenye sauti ambayo akiimba kanisani hata padri husahau alipofika. Alikuwa hajaja chamani kwa miaka minne. Mwanapili alimkuta barazani akisuka ukili wa mkeka, akachukua miyaa naye akasuka.

"Mie si karafuu zinazonizuia," Mwanawema alisema mwishowe, macho yakiwa kwenye ukili. "Ukicheka nitakufukuza."

"Sicheki."

"Pale kila mtu husoma mstari mmoja, kitabu kinapita mkono kwa mkono. Mie sijui kusoma, Mwanapili. Siku ile kilipokaribia kunifikia nilitoka nikajifanya natapika. Watu wakadhani nina mimba, wakanipa hongera."

Mwanapili alibana midomo kwa nguvu zake zote. Mwanawema akamtazama, na aliyecheka kwanza ni yeye. Wakacheka wote wawili hadi ukili ukafumuka.

"Lakini hadithi zote nazijua," Mwanawema alisema akijifuta machozi. "Nikisikia mara moja, basi."

Kesho yake Mwanapili alivaa kanga mpya akaenda kwa Bi Bimkubwa. Huyu alikuwa mjane wa Kiislamu, mwenye shamba, mwili mkubwa, na sauti iliyofika ng'ambo ya bonde. Wachumaji walimwogopa, na wakirudi kwake kila msimu kwa sababu chakula chake kilikuwa kingi.

"Shikamoo, Bi Bimkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Keti. Una nini?"

"Nimekuja kuomba ruhusa. Chama chetu kingependa kukutana hapa kwenye majamvi, huku tunachambua."

Uso wa Bi Bimkubwa ukabadilika. Siku zile, tangu uchaguzi wa kwanza, watu walikuwa wameanza kuulizana vyama hata kisimani, na ndugu hawanunui tena duka moja. "Chama? Chama gani tena? Nimeshasema hapa kwangu siasa sitaki!"

"Si siasa, Bi. Chama cha akina mama wa kanisani."

"Kina bendera?"

"Hakina."

"Kina kadi?"

"Hakina."

"Munafanya nini basi?"

Mwanapili alifikiri kidogo. "Tunamwomba Mungu, tunaimba, tunatazamana hali."

Bi Bimkubwa akatulia. "Mungu ni mmoja. Imbeni. Ila ikiadhiniwa munyamaze, na mikono isisimame."

Alhamisi iliyofuata walikuwa kumi na wanne. Walikaa duara kuzunguka lundo la karafuu mbichi, harufu kali inawapanda puani, na upande wa pili wa jamvi walikaa majirani zao wa Kiislamu na kazi yao. Mwanapili hakuwa na kitabu mkononi, maana mikono ilikuwa na kazi. Akasema, "Leo Mwanawema atatusimulia."

Mwanawema akasimulia kile kisa cha Maandiko cha mkaza mwana mjane aliyekataa kumwacha mkwewe, wakafuatana hadi nchi ya ugeni, akawa anaokota masazo nyuma ya wavunaji katika shamba la tajiri. Alikisimulia kama jambo lililotokea Kengeja wiki iliyopita. Wanawake wakaguna, wakamhurumia mkwe. Bi Bimkubwa, aliyekuwa akipita tu kukagua, alisimama, kisha akaegemea mkarafuu, kisha akaketi.

"Na huyo tajiri, ana mke?" aliuliza.

"Subiri, Bi, nafika."

Hapo ikasikika adhana ya alasiri. Mwanawema akanyamaza kama walivyoahidi. Bi Bimkubwa akajiinua kwa taabu, akajitanda mtandio wake. "Nakwenda kusali," alisema, na hatua tatu mbele akageuka na kuwaelekezea kidole. "Mukikimaliza kisa kabla sijarudi, hamna chai!"

Chama kikaota mizizi. Mwanapili alimpa kila mtu kazi aliyoiweza. Mwenye mkono mwepesi kwa watoto aliwakusanya wote chini ya kivuli wakati wa sala. Mama mmoja aliyejua habari za kila nyumba, ambaye zamani akiitwa mmbeya, akawa ndiye wa kuwaarifu wenziwe nani mgonjwa, nani kajifungua, na kila aliyejifungua alipelekewa maji na kuni kwa siku saba. Hata nyimbo ziliongezeka, kwa sababu kazi ilikwenda upesi zaidi mtu akiimba.

Lakini kila Alhamisi saa tisa kengele ililia kilimani. Bibi Duni alikuwa amekataa kuja. "Ibada kwenye makonyo ya karafuu!" alimwambia Mwalimu Mabruki. Akawa anakwenda kanisani peke yake, anapiga kengele, anaketi saa nzima, anarudi nyumbani. Kila Mwanapili alipoisikia, mikono yake ilikuwa mizito.

Alhamisi ya nne aliinuka katikati ya kazi. "Mie siwezi. Nakwenda kumchukua."

"Ngoja," alisema Mwanawema. "Tutakwenda wote wawili. Mimi ndiye mwenye neno naye."

Walimkuta benchi la mbele, kengele mapajani.

"Bibi," alisema Mwanawema kabla hajaulizwa kitu, "mie niliacha kuja kwa sababu nilikuogopa."

"Uliniogopa mie? Nimekupiga?"

"Nilikiogopa kitabu. Sijui kusoma. Na si mie peke yangu, ila mengine si yangu kuyasema."

Bibi Duni aliinamisha kichwa. Vidole vyake vilipapasa kengele. "Miaka minne," alisema taratibu. "Na mwalimu nilikuwamo humu humu ndani, nimekaa nasubiri watu waulize hoja." Machozi yakamtoka, akayafuta kwa hasira. "Ungeniambia, mwanangu."

"Nakwambia leo."

"Leo macho hayapo. Nitakufundisha nini?"

Mwanapili alisogea karibu. Alimshika mkono tu, akasema, "Njoo ule chai, Bibi. Bi Bimkubwa anapika chai nzuri." Na labda kwa sababu ya uchovu wa kukaa peke yake, bibi yule alikubali.

Walimketisha kwenye jamvi, wanawake wakamsogelea wote kwa shikamoo. Mikono yake, isiyozoea kukaa bure, ilianza kuchambua. Mwanawema alikuwa karibu yake, na kwa mchezo tu akayapanga makonyo mbele yake, akaiga alama moja ya maandishi aliyokuwa akiyaona mlangoni mwa kanisa.

"Bibi, hii nini?"

Bibi Duni akainama, hakuona. Akapitisha vidole. Uso wake ukafunguka. "Hii M. Lakini umeipindua, miguu iko juu. Ulitaka kuandika jina lako?" Akayapanga upya kwa vidole, upesi, kama asukaye. "M. Hii sasa W. Unaona? Ni M iliyolala chali."

Wanawake wakaacha kazi, wakasogea. "Na langu, Bibi?" "Na langu?" Bi Bimkubwa alipokuja kugomba kwa nini mikono imesimama, alilikuta jamvi limejaa majina.

"Mie pia langu najua kuliandika," alisema, akachutama, akalipanga kwa herufi za Kiarabu za chuoni, kutoka kulia kwenda kushoto, na nukta zake akaziweka kwa karafuu nzima nzima.

Bibi Duni akalipapasa. "Umeanzia mwisho."

"Wewe ndiye uliyeanzia mwisho!"

Mabibi wale wawili walikuwa wameishi umbali wa wito mmoja kwa miaka arubaini bila ya maneno zaidi ya salamu. Tangu siku ile walibishana kila Alhamisi kuhusu herufi ziende upande gani, na ole wake mtu aliyejaribu kuwaamua.

Jumapili moja ya Desemba padri alikuwepo. Mwanawema alisimama mbele kusoma. Kanisa lilijaa, na nje, barazani, walisimama Bi Bimkubwa na majirani wengine kadhaa, wamekuja kumsikia mwenzao wa jamvini. Mwanawema alishika kitabu kwa mikono miwili kama mtu abebaye maji. Mstari wa kwanza ulipita. Wa pili ukapita. Wa tatu ukawa na neno refu, akakwama.

"Taratibu," ilisikika sauti ya Bibi Duni kutoka benchi la mbele. "Neno halina miguu, halikimbii."

Kanisa likacheka, Mwanawema naye akacheka, akalivunja lile neno vipande vinne, akalimaliza. Alipofunga kitabu, kigelegele kikatoka barazani, na sauti ile ilijulikana ni ya nani. Kwa Mwalimu Mabruki, vigelegele wakati wa ibada vilikuwa ni mwiko. Alisimama nusu, akamtazama padri, akaona padri anapiga makofi, akaketi tena. Mle ndani wakaitikia wanawake wote kwa pamoja, hata njiwa wakaruka kutoka paani. Mikate ya kumimina iliyoliwa mchana ule ilitoka kwa Bi Bimkubwa, sinia tatu, na Mwanapili alilala saa moja ya jioni kwa furaha na uchovu.

Karafuu zikaisha. Swali likawa wakutane wapi. Kila mtu alitaja pake, na baada ya kelele nyingi wakakubaliana kulifuata bonde la mpunga, maana huko ndiko walikolima wote kuanzia masika. Bibi Duni alisema yeye hatembei matopeni kwa ajili ya mtu yeyote, aletewe gari la ng'ombe. Mzee Mjaka, mwenye gari, akaombwa. Akaja.

Alhamisi ile mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Gari likateremka kilima vizuri, Bibi Duni juu yake na Bi Bimkubwa kando yake, kwani na yeye alikuwa na kipande cha bonde kule na hakuona sababu ya kwenda kwa miguu. Kufika chini, magurudumu yakazama. Mzee Mjaka alimchapa ng'ombe, ng'ombe akamtazama tu.

"Shukeni, mabibi," alisema Mwanapili, "tusukume."

"Sukumeni na sisi tumo," alijibu Bi Bimkubwa. "Muko wengi."

Walikuwa ishirini na wawili siku ile. Wakafunga kanga viunoni, wakaingia topeni, Mwanawema akaanzisha wimbo, na kila kibwagizo kilipofika wakasukuma kwa pamoja. Mara ya tatu gari likang'oka kwa kishindo, nusu yao wakaanguka kifudifudi kwenye tope, na wimbo haukukatika.