Mrufani Amefariki

Mume wangu alikuwa fundi wa funguo, na kilichompeleka jela ni uangalifu wake mwenyewe. Ukimletea ufunguo akuchongee mwingine, hakukabidhi mpaka aende akaujaribu mlangoni kwa mkono wake. Nilimwambia mara ngapi, mpe mtu ufunguo wake aende zake! Wapi. Siku moja kijana wa duka la vitambaa akaja na ufunguo wa stoo, akasema katumwa na tajiri. Fundi akauchonga, akaenda kuujaribu, mlinzi akamwona. Wiki hiyohiyo stoo ikasombwa yote, kijana akayeyuka, na aliyeonekana akifungua mlango ni nani? Hakimu hakutaka maneno mengi. Akamtia hatiani, akampa miaka minne.

Tukakata rufaa. Wakili wetu, binti mwembamba mwenye sauti kubwa kuliko umbo lake, alisema kesi ile imejaa matundu, tutashinda tu. Nilimwamini. Na wala jela haikuwa shida yangu kubwa, maana jela ina mwisho wake. Shida yangu ilikuwa mama mkwe.

Tunaishi naye, yeye ana chumba cha nyuma. Alimlea mwanawe huyo mmoja kwa kufulia watu nguo, akiingia na kutoka majumbani mwao miaka nenda rudi, na hakikupotea hata kijiko. Hukumu ilipotoka alisema wakubwa hawawezi kumfunga mtu bure. Tangu hapo hakumtaja tena mwanawe, wala hakwenda kumtazama. Fundi naye, kila nikienda gerezani, swali la kwanza ni lile lile: mama hajambo? Najibu hajambo, huku naangalia pembeni.

Kifua kikambana. Akafia kwenye zahanati ya gereza, rufaa haijasikilizwa. Siku ya mazishi mama mkwe alibaki chumbani kwake, mlango kaufunga. Nilitaka kuupiga teke mlango ule, Mungu anisamehe. Nilikuwa na hasira mpaka machozi yaligoma kutoka.

Nikabaki na rufaa. Jaji aseme tu kwamba hakuiba, ili mama huyu ampokee mwanawe, hata kama ni kaburini. Sikutaka kingine.

Siku ya siku ikafika. Jaji, mama wa makamo mwenye miwani, akauliza mrufani yuko wapi. Wakili akasimama, akasema mrufani amefariki, akampa karani cheti cha kifo. Jaji akatupa pole, tena kwa upole wa kweli, halafu akasoma maneno machache: kwa kuwa mrufani amefariki kabla rufaa yake haijaamuliwa, rufaa imekoma, na hatia aliyotiwa imefutwa pamoja na adhabu yake. Faili likafungwa, ikaitwa kesi nyingine. Mimi bado nimekaa pale kwenye benchi, namsubiri aseme.

Huko nje kwenye korido nilimbana wakili kwa maswali. Akanieleza taratibu kwamba mtu aliyekata rufaa ni kama hajamaliza kuhukumiwa. Akifa katikati, sheria haina tena wa kumwadhibu wala wa kumsikiliza, kwa hiyo inafuta yote, inakuwa kana kwamba hakushtakiwa.

"Kwa hiyo wamesema hakuiba?"

"Hapana, mama. Hawasemi aliiba, na hawasemi hakuiba. Mahakama haitasema tena."

Nikamwambia sheria yenu haina haya. Maskini, machozi yakamlengalenga, nikamwonea huruma. Kosa halikuwa lake.

Njiani nikatunga uongo. Mama mkwe hajui kusoma, nani angemwambia vingine? Ningesema jaji katamka mbele ya watu wote kwamba fundi ni msafi. Nilikuwa nao mdomoni mpaka mlangoni. Nikamkuta ameketi kitandani, kavaa gauni lake la kutokea, na chai niliyomwachia asubuhi hajaigusa. Alinitazama tu. Uongo nikauacha. Kumbe siku zote zile mama huyu hakuwa amemtupa mwanawe. Alikuwa anaogopa wakubwa watasema nini.

Nikakaa chini, miguuni pake, nikamweleza kama nilivyoelezwa, neno kwa neno.

"Yule hakimu wa kwanza," akasema, "neno lake limefutwa?"

"Limefutwa, mama."

"Na huyu wa leo hakusema kitu?"

"Hakusema."

"Sasa aliyebaki wa kusema ni nani?"

Nilimwegemea magoti, na yale machozi yaliyokuwa yamegoma yakaja yote kwa pamoja. Akaniwekea mkono kichwani, mkono mgumu wa kufua, na yeye akaanza kulia polepole.

"Nilikuwa nawasubiri wakubwa waniruhusu kumlilia," akasema. "Mwanangu hakuiba. Mimi ndiye niliyemzaa, na mimi nasema. Inuka, mkwe wangu, ukanionyeshe mlipomlaza."