Sauti ya Dawati la Dirishani

Saa za kazi zilipokwisha, wapokea simu wa kampuni ya maji walivua hedifoni, wakazitundika kwenye misumari, na sauti zao zikabaki humo. Hivyo ndivyo kazi ilivyopangwa. Wateja hawaachi kupiga simu eti kwa kuwa jua limezama, basi watu walirudi makwao na sauti zikaendelea kupokea simu hadi asubuhi. Langoni waliagana kwa kupungiana mikono. Mlinzi, ambaye sauti yake haikuhitajiwa na mtu, aliwatania peke yake mpaka akachoka.

Mwanamke wa dawati la dirishani alikuwa na sauti nzuri kuliko wote, na hilo ndilo lililomponza. Mtu angepiga simu amefura kwa sababu bomba lake limekauka tangu juzi, lakini akishaisikia ile sauti anaishia kuuliza habari za watoto. Zamani aliruhusiwa kwenda nayo nyumbani siku ya mapumziko. Kisha wateja wakaongezeka na ruhusa ikafutwa. Hakuna aliyebisha, kwa kuwa tangazo lilitolewa jioni, hedifoni zikiwa zimeshatundikwa.

Nyumbani alikuwa na binti aliyekuwa akikaribia miaka mitatu, Tonge, jina alilolipata kwa ajili ya mashavu yake. Tonge hakuwa na neno hata moja. Akitaka maji alikuvuta nguo mpaka jikoni. Mchana alishinda na shangazi yake, mshona mashuka, na cherehani ikishaanza kuunguruma pale sebuleni hapakuwa na haja ya mtu kufungua kinywa. Baba yake aliendesha malori ya masafa marefu. Alikuja na usingizi wake, akaondoka nao.

Walimpeleka kliniki, mama akimbeba na shangazi akienda kuwa msemaji. Nesi alimwangalia mtoto masikio, akamwangalia ulimi, akasema kila kitu kipo mahali pake.

"Huyu anataka kuzungumziwa tu," alisema. "Si kumkalisha chini kama mwanafunzi. Unaosha vyombo, mpe kijiko, mwambie kijiko. Unaanika nguo, mwambie soksi. Halafu nyamaza, mpe zamu yake. Hata akikukodolea macho tu, hayo ni maongezi."

Shangazi alieleza habari ya sauti. Nesi alitikisa kichwa kama mtu aliyeulizwa dawa iliyokwisha dukani. Alisema wapo akina mama wengi wa namna hiyo, na kwamba umri huu ukipita haurudi.

Mama alijitahidi. Jioni hiyo alimkalisha Tonge mbele ya beseni, akamwonyesha kijiko, akachezesha midomo. Tonge alichezesha yake vilevile, vizuri sana, bila sauti. Walifanya hivyo kwa kijiko, kwa kikombe na kwa mfuniko, na mama akaona kwamba anamfundisha mtoto kuwa bubu. Alilia huku anasuuza sahani.

Asubuhi, alipokwisha kuvaa sauti yake, alimwendea msimamizi na kumwomba amruhusu kuondoka nayo jioni, kwa muda wa saa moja tu. Msimamizi hakuwa mtu mbaya. Alimpa kiti, akampa chai. Alimweleza kwamba jioni ndipo simu zinapomiminika, na kwamba sauti yenyewe ndiyo hiyo, wateja wanaiulizia. Kisha akampa kalenda ya kampuni, yenye picha za maporomoko ya maji, na hela kidogo akamnunulie mtoto pipi.

Ni shangazi aliyelipatia jambo hilo ufumbuzi, akiwa anatia uzi kwenye sindano.

"Wifi, sauti yako si inapokea simu? Basi tuipigie."

Walipiga. Walisikilizishwa muziki, wakapokewa na sauti za watu wengine, wakakata na kupiga tena, mpaka ile waliyoitaka ikasema habari za jioni, nikusaidie nini. Mama hakuwa na cha kujibia. Aligonga sufuria kwa mwiko.

"Hiyo sufuria yetu," ilisema sauti. "Yenye mkono uliovunjika. Tonge, mwanangu, uko hapo?"

Tonge alisogea akaitegea sikio simu.

Tangu jioni hiyo mchezo ukawa huo. Mama aliweka simu juu ya ndoo iliyofudikizwa, akafanya kazi zake kwa kelele makusudi. Alitikisa kopo la vibanio vya nguo, sauti ikasema vibanio. Alikung'uta shuka, sauti ikasema shuka, shuka kubwa, linapaa. Alimmwagia Tonge maji mgongoni, sauti ikasema maji, yanateremka, yamefika wapi? Kisha ikanyamaza na kusubiri, jambo ambalo kazini ilikuwa imekatazwa. Siku moja mama alipoweka kopo chini ili apumzike, Tonge alisema, "Tena."

Baada ya hapo maneno yalikuja kwa fujo. Tonge aliita vitu alivyovijua na alivyovikisia. Cherehani akaiita cherehani, shangazi akamwita shangazi. Ile sauti ya kwenye simu akaiita mama, kwa kuwa yenyewe ilijitaja hivyo. Mama mwenyewe, Tonge akamwita Wifi, kwa kuwa ndivyo alivyosikia akiitwa na mtu pekee mwenye sauti mle ndani. Shangazi alimsahihisha. Tonge alimtazama kwa huruma, akaonyesha simu kwa kidole: mama yule pale.

Asubuhi mama alipovaa sauti ilikuwa imekauka kidogo, na alihisi kooni maneno yote iliyoyasema. Hakumwambia mtu. Lakini simu za wateja hurekodiwa, na msimamizi alizisikia. Alifuta machozi. Katika kikao cha asubuhi alimsifu mbele ya wote, na kwa zawadi akamruhusu aondoke na sauti yake jioni moja.

Alitembea njia nzima hasemi, asije akaipunguza. Alimkuta Tonge sebuleni anapanga vibanio.

"Tonge, mwanangu," alisema.

Tonge aliruka kwa furaha. Alimpita mama yake, akachukua simu kwenye meza ya cherehani, akaiweka sikioni.

"Mama?"

"Nipo hapa, mwanangu. Nitazame."

"Haloo? Mama?" alisema Tonge kwenye simu, akimpa mama yake mgongo.

Shangazi alisimamisha cherehani. Mama alivua viatu, akaingia chumbani, akafunga mlango, akakaa kitandani, akachukua simu yake mwenyewe na kuipigia ile ya sebuleni. Iliita mara moja tu.

"Mama," alisema Tonge, "Wifi amerudi. Ameingia chumbani, hajacheza na mimi."

"Amechoka," alisema mama yake nyuma ya mlango. "Mwache alale. Haya, gonga kitu nikusikie."