Mguu wa Kulia wa Kurumbiza

Jumanne, saa nne asubuhi, nikiwa na matumbo ya njiwa mezani, binti wa marehemu dada yangu aliingia kuniambia kwamba anamfuta mama yake.

"Mama mdogo, majibu yametoka. Yule ndege wa mama si spishi. Ni kurumbiza wa kawaida tu, yule wa bustanini."

Mimi ni mkaushaji ndege wa makumbusho haya, mwaka wa thelathini na nne sasa. Natoa nyama, naacha ngozi, najaza pamba, nafunga lebo. Huyo kurumbiza aliletwa kutoka msituni na shemeji yangu, ambaye hata nyumbani tunamwita Profesa, mwaka aliomwoa dada. Alikuwa mmoja tu, na hajaonekana mwingine tena. Kifua chekundu kuliko wenzake, mkia mfupi, na wimbo ambao Profesa huuiga mpaka leo, vibaya mno. Akamtangaza kuwa spishi mpya, akampa jina la mkewe.

Dada alifariki binti yao akiwa na miaka mitatu. Mtoto hakumbuki uso wala sauti. Alichobaki nacho ni picha mbili na lile jina kwenye orodha ya ndege wa dunia, alilowaonyesha wenzake shuleni mpaka wakamchoka. Akasoma, akawa daktari wa vinasaba, na kazi yake ya kwanza hapa ikawa kuwapima ndege wote wenye utata. Sasa ona.

"Ijumaa napeleka ripoti," alisema. Macho mekundu, kidevu kimekaza, ukaidi wa baba yake mtupu. "Ushahidi ni ushahidi."

 Wapimaji hukata kipande kidogo cha kidole cha mguu wa kulia, kwa sababu wa kushoto una lebo. Na mguu wa kulia wa yule ndege haukuwa wake.

Wa kwake aliondoka nao paka. Nilikuwa na wiki tatu kazini, nimegeuka kutafuta uzi tu, mwanaharamu akaruka mezani na kutoka nao dirishani. Ningefanya nini? Kila mkaushaji ana kopo lake la vipuri: macho ya kioo, midomo, miguu. Nikachagua mguu wa kurumbiza wa bustanini, nikaubandika kwa gundi, ukakaa barabara. Profesa alimchukua ndege wake, akamgeuzageuza kwenye mwanga, akasema, "Shemeji, una mikono ya dhahabu." Hakuna aliyewahi kunisifu kazini kabla ya siku ile. Nikanyamaza, na aibu ikazidi kila mwaka.

Nikajaribu ujanja. "Pima na mguu wa kushoto."

"Wa nini?"

"Basi tu. Kwa uhakika."

Alinicheka. "Mama mdogo, ndege hana vinasaba vya kushoto na vya kulia."

"Huyu anavyo."

Lo! Mdomo wangu huu. Na Profesa naye ndiyo kwanza anaingia na kikombe chake cha chai. Basi nikayamwaga yote, gundi, kopo na paka, njiwa wangu bado mkononi.

Profesa akauliza, "Paka yupi?"

"Yule wa mlinzi."

"Yule niliyekuwa nampa maziwa?"

"Huyohuyo."

Aliweka kikombe juu ya matumbo ya njiwa, akatoka. Siku tisa hakunisemesha. Tukipishana koridoni anasalimia ukuta. Binti naye hakunilaumu wala hakunifariji. Alifungua lebo niliyoifunga mwenyewe, akakata kidole cha kushoto, akaahirisha ripoti. Nami nilikuwa silali, maana huenda nilikuwa nimejivua nguo mbele yao bure, na kushoto nako akatoka wa bustanini.

Siku ya kumi binti alikuja na karatasi. Akasoma kwa sauti ya ofisini: "Mguu wa kulia ni wa kurumbiza wa kawaida, uliobandikwa na mkaushaji wa makumbusho kuficha uharibifu."

"Na jina langu?"

"Nimeliandika. Kamili."

"Haya. Na wa kushoto?"

Akashusha karatasi. "Hafanani na yeyote, mama mdogo. Nimerudia mara tatu. Hata hao wa bustanini si ndugu zake wa karibu."

Kisha daktari mzima akakaa sakafuni, katikati ya manyoya na pamba, akalia kwa sauti, pua inamtoka. Nikakaa naye, magoti yangu mabovu na yote.

"Mama yumo," alisema. "Mama mdogo, mama yumo."