Mkeka wa Mwanabaraka

Mwali aliyewekwa ndani haonwi na jua mpaka achezwe ngoma yake, na mkeka wake hauachwi mtupu. Pale Mbagala sheria hiyo ilijulikana kwa kila mtu. Hata sisi tuliobatizwa, ambao haikutuhusu, tulipita mbali na dirisha la mwali.

Katika zama za ruksa, serikali ilipolegeza masharti ya biashara, akina mama wa shirika moja la ng'ambo walifungua darasa la ushonaji kwa wasichana waliokosa nafasi ya sekondari. Mimi, mwalimu mstaafu, nikawa mkalimani wao. Kila atakayehitimu angepewa cherehani iwe mali yake mwenyewe, si ya baba wala ya mume. Lakini asiyefika juma la kwanza, nafasi yake angepewa mwingine.

Mwanabaraka, yatima aliyelelewa na bibi yake, Bi Tabu, alikuwa amechaguliwa. Darasa lilipofunguliwa alikuwa ndani, na ngoma yake ilingoja mpunga uvunwe. Shangazi yake, Munira, muuza mitumba wa Buguruni, akaniita kwa Bi Tabu niwe shahidi.

"Mama, cherehani haitamngoja," alimwambia Bi Tabu. "Wewe ulichezwa, na mie nikachezwa. Tumepata nini? Kila alfajiri nagombania marobota na wanaume!"

"Ulipata adabu," Bi Tabu akajibu, "ila kwako haikukaa sana."

"Basi na akae mwingine ndani. Si yupo huyu?"

Alionyesha mwana hiti, kinyago kidogo cha mti chenye kichwa na kiwiliwili, bila mikono wala miguu, ambacho mwali wa Kizaramo hukiogesha na kukipaka mafuta kama mtoto wake.

"Ukimtoa wewe, Munira," Bi Tabu akasema, "kitakachodaiwa utadaiwa wewe."

"Nidaiwe. Mie na madeni ni ndugu wa tumbo moja."

Kesho yake Mwanabaraka alitokea mlango wa uani, amejifunika baibui. Mwana hiti akalazwa mkekani, akafunikwa khanga, na chakula cha mwali kikawekwa kando yake.

Msichana yule alikuwa na mkono mwepesi. Kabla wenzake hawajajua kutunga uzi, yeye alikwisha kupinda shuka bila kosa. Kisha, asubuhi moja, mkasi ulimponyoka.

"Mikono imelala, Mwalimu," alininong'oneza.

Ilianza kwa vidole, ikapanda viwikoni. Adhuhuri mikono yote miwili ilining'inia kama nguo iliyoanikwa. Aliporudi nyumbani na kuketi mkekani, iliamka. Siku zilizofuata iliwahi zaidi kulala na kuchelewa zaidi kuamka. Bibi Karin, mkuu wa darasa, alimpeleka hospitali, lakini madaktari hawakuona ugonjwa. Alinieleza kwa huzuni kwamba msichana asiyeweza kushika sindano hawezi kuhitimu.

Mchana ule Munira nami tulikwenda kwa Bi Tabu. Alitufungulia chumba. Sahani iliyokuwa mbele ya mkeka ilibaki na kipande cha ugali, na katika ugali ule palikuwa na alama za vidole.

"Ni panya," nikasema, maana mapadri walinifundisha kwamba mti ni mti.

"Panya wa kwenu misheni hunawa mikono, Mwalimu?" Bi Tabu akauliza.

Nikatazama bakuli la kunawia. Maji yalikuwa yamechafuka, na bado yalikuwa yakitikisika. Chini ya khanga kitu kilipanda na kushuka polepole, kama kifua cha mtu aliyeshiba.

"Mrudishe mtoto ndani," nilimwambia Munira.

"Akirudi, cherehani imekwenda." Alivua ndala zake. "Mama, mwondoe huyo. Nakaa mwenyewe."

"Wewe ulikwisha kuchezwa. Mkeka haukujui."

"Utanijua."

Akanyolewa nywele, akaingia. Kibanda chake cha Buguruni kikachukuliwa na mwingine. Tangu siku ile mikono ya Mwanabaraka haikulala tena. Alimaliza mafunzo, na mimi nilikuwapo alipokabidhiwa cherehani.

Mpunga ulipovunwa, ngoma ikapigwa. Mwanabaraka aliketi mkekani kando ya shangazi yake kama ilivyopasa, kisha makungwi wakamtoa wamembeba mabegani, huku vigelegele vikipasua mtaa. Munira alitoka nyuma yao, macho yakiogopa mwanga. Jirani mmoja alimnyoshea mkono kumpongeza. Munira hakuupokea. Mikono yake ilikuwa imelala ubavuni, mikavu, na ngozi yake iling'aa kama mti uliopakwa mafuta.

Ngoma ikanyamaza. Mwanabaraka aliteremka mabegani, akamshika shangazi yake viganja; havikumshika.

"Deni limekwisha kulipwa," Bi Tabu alisema taratibu, na machozi yakamtoka.

"Mtoto anayo cherehani?" Munira akauliza.

"Anayo."

"Basi msinitumbulie macho. Nifungeni khanga, imelegea."